Munganga aliyesikiliza watoto walioachwa



Wengi wetu tulirudi mu inchi na watoto, lakini si wote waliofanya safari moja. Wamoja walibaki na nkambo ku kijiji wakati wazazi walikimbilia Zambia, mu kambi za Kala na Mwange. Leo wazazi wanauliza: "Juu ya nini mutoto wangu ananiangalia sawa mugeni?" Historia ya munganga mumoja inaweza kutusaidia kujibu.

John Bowlby alizaliwa London mu mwaka 1907, mu jamaa ya watajiri. Kufuatana na desturi yao, alilelewa na wayaya. Mama yake alimuona karibu saa moja tu kwa siku. Alipokaribia miaka 4, yaya aliyemupenda sana akaenda zake. Bowlby alikumbuka uchungu ule mpaka uzee.

Akawa munganga wa akili ya watoto. Mu mwezi wa 9, 1939, serikali ya Uingereza ilihamisha watu kama milioni 1.5 kutoka miji mikubwa, wengi wao watoto, kusudi mabomu isiwaue. Bowlby na wenzake wawili waliandika mu gazeti la waganga: kumutenga mutoto mudogo na mama yake, hiyo pia ni hatari. Kiisha vita, shirika la afya la dunia, OMS, lilimuomba achunguze hali ya watoto wasio na makao. Mu 1951 alijibu: mutoto anahitaji mapendo ya karibu na ya kudumu, ya mama ao ya muntu anayeshika nafasi yake.

Pamoja na James Robertson, alionyesha hatua tatu za mutoto aliyetengwa. Kwanza analia na kutafuta. Kiisha anavunjika moyo, ananyamaza. Mwisho anaonekana amezoea. Muzazi akirudi, hamukimbilie. Watu wanasema amepona. Hapana, amefunga moyo. Robertson alitoa filme mu 1952 juu ya mutoto wa miaka 2 mu lopitalo, na mu 1959 ripoti ya serikali ikashauri wazazi waachwe kuona watoto wao wagonjwa bila kubanwa na saa.

Watu wengine wanasema: hiyo ni mambo ya Wazungu. Lakini mu 1954 Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby, alifika Uganda. Alitembelea familia 26 mu vijiji karibu na Kampala, mara moja kila juma mbili, kwa miezi mingi. Aliona mutoto anatambaa mbali, anachunguza vitu, kiisha anarudia mama yake kama vile ku nyumba. Aliona tena watoto walioshikamana na baba ao nkambo. Basi sehemu ya elimu hii ilitoka huku kwetu Afrika, na inakubali mikono mingi ya kulea, paka mikono ile isibadilike kila siku.

Hapa njo kuna neno zito. Mu muji wetu, mutoto anayenyamaza, asiyemusalimia muzazi, anaweza kuitwa mulozi na kufukuzwa. Kumbe alichobeba ni kilio kilichokosa wa kukisikia. Ukimufukuza, unamutenga mara ya pili.

Tunaomba kila nyumba ya chama: musimunyanganye nkambo ghafula, mumuache mutoto azoee pole pole. Musimulazimishe kupenda. Ukimuambia "nitarudi", rudia kweli. Na kama mambo inazidi nguvu, mutuambie ku mukutano, tutatembea pamoja nanyi mpaka ku lopitalo ya akili ya Joseph Guislain, hapa Lubumbashi.

Bowlby alikufa mu 1990. Kazi yake inaendelea mu kila nyumba ambamo mutoto anangojewa bila kupigwa kelele.