Maziwe Baada ya Mivinje

Waulize wazee wa Pangani kisiwa cha Maziwe kilikuwaje, watakutajia mivinje kwanza. Marehemu baba yangu mdogo, mvuvi wa mishipi, aliitumia kama alama ya kurudia nyumbani: ukiiona, mdomo wa mto hauko mbali. Kisiwa kilikuwa kidogo, kama kilomita 8 kutoka mjini, na kasa walipanda kutaga.

Mwaka 1975 serikali ilikitangaza kuwa eneo tengefu, sawa na visiwa vya Mbudya na Bongoyo kule Dar es Salaam. Baada ya miaka michache tu, miti ikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palibaki fungu la mchanga, na maji ya bamvua hulifunika lote. Wapo wanaolaumu mashoka, wapo wanaosema bahari imekula chake. Mimi siwatenganishi.

Sasa fikiria mkaguzi angetumwa mwaka 1985. Tangazo lipo, mipaka ipo, uvuvi umekatazwa. Angeweka alama za vyema na kuondoka. Boti ya doria na askari wa kuipanda asingewaona, lakini hakuna aliyemwambia awatafute. Kisiwa chenyewe je?

Chombo cha kusimamia maeneo haya kilikuja na Sheria Na. 29 ya 1994. Mwaka huohuo mkoani Tanga ulianza mradi wa hifadhi ya pwani, na humo ndimo ninamoona upimaji wa kweli ulimoanzia. Wanavijiji walifundishwa kuzamia na kuhesabu samaki na matumbawe, mwamba kwa mwamba. Mvuvi anayejua changu, tasi na pono tangu utotoni hadanganyiki upesi na ripoti nzuri. Na mwamba uliopigwa baruti anaujua hata kabla ya kuvaa miwani.

Kitabu cha mwaka 2004 cha IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kiliorodhesha vigezo 42 vya kupima maeneo ya bahari: vya viumbe, vya maisha ya watu, vya utawala. Kazi nzuri, ingawa vigezo 42 ni vingi kwa ofisi yenye boti moja na mafuta ya kuomba.

Kasa hawajaacha kupanda Maziwe. Kiota kikiachwa pale, bamvua hukizamisha, kwa hiyo mayai huvushwa hadi ufukwe wa Ushongo, bara, na kufukiwa upya. Watoto wanaoanguliwa kule waandikwe wapi: kwenye mafanikio ya Maziwe, au kwenye hasara yake? Mimi ningewaandika pote pawili.