Moto wa wahunzi wa Hanang na ugomvi wa mwaka 1978

Mhunzi wa Kidatoga, awe Hanang au Mbulu, hana kipimajoto. Mifuo ya ngozi ya mbuzi inakandamizwa kwa zamu, hewa inapita kwenye mrija wa udongo hadi kwenye makaa, naye anasoma rangi. Chuma chekundu hakijaiva. Kikigeuka rangi ya machungwa hupelekwa kwenye fuawe. Shaba ya njano ya bangili huyeyuka nyuzi 900 na kitu, kwa hiyo akizidisha hewa anaiharibu. Ujuzi huo umerithiwa ndani ya koo za wahunzi, wanaooana wenyewe kwa wenyewe, na vichwa vya mishale wanavyofua huwafikia hata Wahadzabe.

Nawataja kwa sababu Septemba 2028 itatimia miaka 50 tangu ustadi wa aina hii uzue mabishano ya dunia. Jarida la Science lilichapisha makala ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown. Walikuwa wamewaomba wazee wa Kihaya, Kagera, wajenge upya tanuri waliloliacha miongo mingi nyuma: shimo lililojazwa matete yaliyochomwa, kuta za udongo wa kichuguu na mavi ya chuma, mirija ikiingia ndani kabisa ya moto. Hewa, walisema, ilipashwa joto ndani ya mirija kabla ya kukutana na makaa, na joto likavuka nyuzi 1,800. Huko Kemondo walichimba matanuri ya namna hiyo ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mskochi James Neilson alipata hataza ya kupasha hewa ya tanuri mwaka 1828 tu.

Wapinzani hawakukawia. Mwaka 1986 J. E. Rehder wa Kanada alihoji kwamba hewa hupita kwenye mrija haraka mno, haiwezi kupata joto kubwa kiasi hicho. Mjerumani Manfred Eggert naye alipinga. Schmidt alijibu, wakajibizana miaka mingi.

Mimi naona hesabu ya Rehder ina uzito. Lakini hakuna aliyeweza kukanusha chuma chenyewe: hewa ikipungua, chuma hubaki kwenye mavi, ikizidi, hunywa kaboni mpaka hakifuliki. Wazee walipita katikati kwa macho na masikio.

Inauma kwamba mjadala huo uliendeshwa ng'ambo, kwa Kiingereza. Wahunzi wa Hanang wapo, leo wanafua vyuma chakavu. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuwaita kesho asubuhi wafundishe kusoma moto, nao walipwe kama walimu.