Mahali pa Tofauti: Historia Fupi ya Vigeu vya Seva katika Zana za Usanidi, 1993–2012

Historia ya zana za usimamizi wa usanidi huelezwa mara nyingi kama historia ya kasi. Makala haya yanadai kuwa ni historia ya swali moja: tofauti ya kila seva iandikwe wapi? Kigeu cha seva, kiwe anwani yake ya mtandao au kiasi cha kumbukumbu kilichotengewa hifadhidata, ndicho kinachoitofautisha na nyingine.

Mwaka 1993, Mark Burgess alipoanzisha CFEngine katika Chuo Kikuu cha Oslo, tofauti zilielezwa kwa makundi ya mashine ndani ya maagizo yenyewe. Puppet ya Luke Kanies, iliyotokea mwaka 2005, iliipa kila seva fungu lake; lakini data na maagizo viliendelea kuchanganyika, na mara nyingi kuongeza seva kulimaanisha kuhariri maagizo. Hiera, iliyobuniwa mwaka 2011 na kuunganishwa na Puppet 3 mwaka uliofuata, ilivitenga: thamani husakwa kuanzia faili la seva mahususi hadi faili la wote, na kwa kawaida ya kwanza kupatikana ndiyo hutumika. Ansible, iliyozinduliwa mwaka 2012, nayo ilitenga mafaili ya seva na ya kundi, la seva likitangulizwa.

Kwa hiyo mahususi huushinda ujumla, mradi yameandikwa. Taasisi za umma zinazomiliki seva hazina budi kulizingatia hili: tofauti iliyobaki kichwani mwa fundi huondoka naye.