Waliotambua Mapema: Historia ya Mgongo Wazi na Kichwa Maji

Kama unanyonyesha, endelea tu. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Leo tunazungumzia hali mbili ambazo kina mama huziulizia kwa sauti ya chini, mtu asisikie. Ya kwanza ni mgongo wazi, ambao madaktari huuita spina bifida. Ya pili ni kichwa maji, yaani haidrosefalasi.

Swali lenyewe mara nyingi huwa hili: "Nilikosea wapi?" Mama mmoja ameambiwa na majirani kuwa ni laana ya ukoo. Mwingine ameshauriwa amfiche mtoto ndani hadi Mungu aamue. Leo nitalijibu swali hilo kwa kukusimulia historia. Ni historia ya watu waliotambua jambo ambalo wengine walilipita tu, nao wakaja kutambuliwa kwa kazi yao. Ukisikiliza hadi mwisho, utaona kwamba nawe mama una nafasi yako humo.

Kwanza tuelewane. Uti wa mgongo wa mtoto huanza kama kipande bapa kinachojikunja na kuwa mrija. Mrija huo hufungika katika siku 28 hivi za kwanza tangu mimba itunge. Usipofungika vizuri mgongoni, mtoto huzaliwa na uwazi, au na uvimbe kama kifuko chenye maji.

Kichwa maji nacho hutokea hivi. Ubongo wa kila mtu hutengeneza maji, na kwa mtu mzima ni kama nusu lita kwa siku. Maji hayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha huingia kwenye damu. Njia yake ikiziba, maji hujaa na kuubana ubongo. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hupanuka. Watoto wengi wenye mgongo wazi hupata pia kichwa maji.

Sasa twende Marekani, katika mji wa Philadelphia, mwaka 1955. Mwaka huo alizaliwa mtoto aitwaye Casey Holter, mwenye mgongo wazi na kichwa maji. Baba yake, John Holter, hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa mashine katika kampuni ya kutengeneza kufuli. Daktari wa mtoto, Eugene Spitz, alimweleza shida iliyowasumbua wapasuaji: walijua kutia mrija wa kuyatoa maji kichwani, lakini hawakuwa na vali nzuri ya kuyaruhusu yaende upande mmoja tu bila kurudi.

Holter alikuwa ameona jambo moja pale wodini. Sindano ilipochomwa kwenye mpira wa dripu ikatolewa, tundu lilijifunga lenyewe. Akaenda kwenye karakana yake, akakata mipasuko midogo kwenye mpira, na kujaribu tena na tena. Baadaye alitumia silikoni, ambayo mwili huivumilia. Mwaka 1956 vali hiyo ilianza kutumika kwa watoto. Casey hakuwa wa kwanza kuwekewa, na aliaga dunia akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Lakini vali ya baba yake iliokoa maelfu ya watoto wa watu wengine, na hadi leo mrija wenye vali, tunaouita shanti, ni tiba katika hospitali za dunia nzima. Jina la Casey lilipewa mhadhara wa kumbukumbu wa watafiti wa magonjwa haya. Kwa hiyo mtoto huyo hakusahaulika.

(Muziki mfupi)

Mpenzi msikilizaji, kuokoa ubongo ni hatua moja. Watoto wengi wenye mgongo wazi hawawezi kukojoa wakamaliza, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu imeathirika. Mkojo unaobaki huleta maambukizi, na polepole huharibu figo. Zamani watoto waliopona upasuaji wa mgongo walikuja kufa kwa figo.

Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan alieleza njia iliyowashangaza wenzake. Alisema mgonjwa atie mrija mwembamba, yaani katheta, autoe mkojo wote, kisha autoe mrija, na arudie hivyo mara kadhaa kwa siku. Si lazima vifaa viwe vimeua vijidudu vyote kama vya chumba cha upasuaji. Mikono na katheta viwe safi tu, mradi kibofu kisikae kimejaa. Jambo hilo liliutoa utunzaji huu hospitalini na kuuweka mikononi mwa mama, nyumbani kwake, akiwa na sabuni na maji safi. Mtoto mwenyewe akikua hujifunza kujifanyia, na huweza kwenda shule bila aibu ya kulowa.

Tuje sasa kwenye lile swali la "nilikosea wapi." Mwaka 1928 daktari mmoja mwanamke kutoka Uingereza, Lucy Wills, alikwenda India kuchunguza kwa nini wajawazito walikuwa wakipungukiwa sana damu. Aligundua kuwa walipopewa chakula kilichotengenezwa kwa hamira, walipona. Kilichowaponya baadaye kilijulikana kuwa ni foliki asidi, vitamini iliyopewa jina lake kutokana na neno la Kilatini la jani, kwa sababu ilipatikana kwenye mboga za majani.

Katika miaka ya 1960, Richard Smithells na Elizabeth Hibbard huko Uingereza walishuku kuwa upungufu wa vitamini hiyo unahusika pia na kasoro za watoto wachanga, mgongo wazi ukiwemo. Wengi hawakuamini. Ilichukua hadi mwaka 1991, pale utafiti mkubwa ulioongozwa na Nicholas Wald katika nchi saba ulipotoa jibu. Wanawake waliokuwa wamewahi kupata mtoto mwenye kasoro ya namna hii walipewa foliki asidi kabla ya kushika mimba nyingine. Hatari ya kasoro hiyo kurudi ilipungua kwa asilimia 72.

Mama, sikiliza vizuri hapa. Siku 28 hupita kabla wanawake wengi hawajajua kwamba wana mimba. Ukienda kliniki mwezi wa nne ukapewa tembe, zimeze, kwa maana zinakusaidia damu. Lakini mrija wa mgongo ulishafungika, au ulishakosa kufungika. Kwa hiyo hukumkosea mtu yeyote, na hakuna laana. Kuna wakati mfupi ambao hakuna aliyekuambia habari zake. Ndiyo maana mwanamke anayeweza kushika mimba ashauriwe kumeza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku kabla ya mimba. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi, ambacho huandikiwa na daktari.

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2012 iliwataka wenye viwanda watie foliki asidi na virutubishi vingine kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti. Lakini mahindi unayopeleka mwenyewe kusagwa poshomili kwa kawaida hayatiwi kitu. Kama nyumbani kwako mnakula unga huo, zile tembe ni muhimu zaidi kwako. Sukuma wiki, mchicha, kunde na maharagwe pia vina foliki, lakini peke yake huenda visitoshe.

Hatua ya mwisho ya historia yetu iko karibu na nyumbani. Vuka mpaka kutoka Bungoma, uzunguke Mlima Elgon, utafika Mbale, Uganda. Mwaka 2000 daktari mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alihamia huko kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE. Alitambua mambo mawili. La kwanza, zaidi ya nusu ya watoto waliomjia walikuwa wamepata kichwa maji kwa sababu ya maambukizi, mara nyingi wakiwa wachanga sana. La pili, shanti huziba, na mtoto ambaye kwao ni mbali anaweza kufa kabla hajafika hospitalini.

Warf akaunganisha njia mbili za zamani. Kwa kutumia kamera nyembamba, alitoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, kisha akachoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Mtoto anayefaulu kwa njia hiyo habaki na mrija mwilini. Aliwafundisha madaktari wa Afrika, akiwemo John Mugamba wa Uganda. Mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur huko Marekani. Mwaka 2017 utafiti wa watoto 100 uliofanyika palepale Mbale ulionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya waliofanyiwa upasuaji huo hayakutofautiana sana na ya waliowekewa shanti. Hapa kwetu nako, Hospitali ya Kijabe imepokea watoto wengi wa namna hii kwa miaka mingi, na kina mama hufundishwa huko kuwatunza.

(Muziki mfupi)

Sasa ni zamu yako, mama. Vali, kamera na katheta havina kazi mtoto asipofikishwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, mlaze kifudifudi au ubavu, funika pale kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji yaliyochemshwa yakapoa, umpeleke hospitalini siku hiyohiyo. Usipake dawa ya miti shamba wala majivu. Upasuaji hufaa ufanyike katika siku mbili au tatu za kwanza.

Angalia kichwa pia. Je, kinakua haraka kuliko mwili? Utosi umevimba na kukaza? Mishipa inaonekana? Macho yanaelekea chini? Anatapika, au amelala mno? Mwombe muuguzi akipime kichwa kwa tepu kila kliniki. Mtoto mwenye shanti akionyesha dalili hizo, au homa, asisubiri kesho.

Na kitovu cha mtoto mchanga kiwe safi. Akipata homa au akikataa kunyonya, mkimbize hospitalini, kwani maambukizi ya siku za kwanza ndiyo yanayoweza kuleta kichwa maji.

Kila tarehe 25 Oktoba dunia huadhimisha siku ya mgongo wazi na kichwa maji. Siku hiyo madaktari husifiwa, nao wanastahili. Lakini mimi humkumbuka pia mama anayeamka alfajiri, akanawa mikono kwa sabuni, akamtolea mtoto mkojo, akamvalisha sare na kumpeleka shule. Hakuna aliyemvisha nishani, lakini mtoto wake yu hai na anajua kusoma.

Ukimjua mama aliyemficha mtoto ndani, mwendee leo. Mwambie ulichosikia.