Kwanza Kichaa, Kisha Hatari

Mwaka 1944 Elijah Masinde, aliyekuwa amewahi kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage, aligomea amri ya kung'oa magugu. Serikali ya mkoloni haikujisumbua kumjibu. Ilimfungia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, asitoke hadi 1947. Mtu akishaitwa kichaa, nani atabishana naye?

Alipotoka alirudi Kimilili, katika Bungoma ya leo. Dini yake, Dini ya Msambwa, iliyochukua jina lake kwa mizimu ya Wabukusu, ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Mahubiri yake hayakuwa na mafumbo: Mzungu arudi kwao, nasi turudi kwa Mungu wa wazee wetu. Vibarua waliolima mahindi ya walowezi pande za Kitale waliyasikia na kuyasambaza Trans Nzoia, na walowezi wakaanza kulala jicho moja wazi. Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, watu 11 walikufa. Mwaka huohuo dini ikapigwa marufuku, naye Masinde akapelekwa kizuizini Lamu, upande wa pili wa nchi.

Marufuku ile haikuzima kitu. Lukas Pkiech aliyapeleka mafundisho kwa Wapokot, na Aprili 1950 mapambano ya Kolloa yakaua wafuasi wake 29, yeye akiwa miongoni mwao, pamoja na watu 4 wa upande wa serikali.

Kinachonikera mimi ni mwaka 1968. Uhuru ulikuwa umepatikana, dini imeruhusiwa. Ndipo serikali ya Kenyatta ikaipiga marufuku tena, kwa madai yaleyale ya usalama. Bendera ilibadilika, faili likabaki palepale. Masinde aliendelea kuandamwa na vyombo vya dola. Alifariki 1987.

Hata wakubwa hawakusazwa. Mwaka 1975 Masinde mwingine, Masinde Muliro, mbunge wa pande za Kitale na waziri, aliunga mkono bungeni ripoti ya kamati iliyochunguza mauaji ya mbunge J. M. Kariuki. Alifutwa uwaziri.

Kuna kauli moja, hata hivyo, ambayo haikungoja kibali cha ofisi yoyote. Mzee wa heshima wa Kibukusu akishazikwa, hufanywa khuswala kumuse. Msemaji, ambaye hutoka katika koo zenye kipawa hicho, hutembea uwanjani na fimbo yake kwa saa nyingi, akisimulia walikotoka Wabukusu, akionya, akikaripia. Mkutano wa hadhara Kenya ulihitaji leseni ya serikali hadi mageuzi ya 1997. Kumuse ulihitaji msiba, ukoo na umri. Na msemaji akiwa uwanjani hakuna wa kumkatiza, hata chifu. Naye huketi chini na kusikiliza kama wengine.