Gemu Isiyo na Juu wala Chini

Mwaka 1993 Doom ilitufunza kukimbia kwenye korido. Kutazama juu hukuweza. Miaka miwili baadaye Parallax Software wakatoa Descent: unaendesha chombo cha anga ndani ya mgodi, kinageuka pande zote, dari inakuwa sakafu. Unalipua kinu cha nyuklia, halafu unatafuta mlango wa kutokea kabla mgodi haujalipuka nawe.

Humo ndimo wachezaji wanagombana mpaka leo. Niliwawekea vijana wawili kwenye laptopu hapa Kasulu. Huku wengi wamezoea gemu za mpira, ambako uwanja haugeuki. Yule wa Kibondo aliacha baada ya dakika kumi: “Kaka, hii inatapisha, hata sijui naelekea wapi.” Mwenzake akamcheka, kupotea si ndiyo gemu yenyewe?

Watengenezaji nao waliwahurumia waliopotea. Descent II ya 1996 ikaleta Guide-Bot, kiroboti cha kukuongoza njia. Mwaka 2018 waasisi walewale, Mike Kulas na Matt Toschlog, wakarudi na Overload: picha mpya, kizunguzungu kilekile, asante Mungu.

Guide-Bot hukaa amefungiwa chumbani mpaka umfungulie. Mimi humwacha humohumo.