Gari moja, mtu mmoja, miaka 52

Mwezi wa kwanza 1960, mjini Bruxelles, kulipita mambo mawili. La kwanza tunalijua wote tangu shule ya msingi: viongozi wetu walikaa na Wabelgiji katika Table Ronde, Lumumba akatolewa gerezani ili naye afike, na ndani ya siku chache tarehe ya uhuru ikakatwa: 30 juni 1960. La pili, kwetu karibu hakuna anayelikumbuka. Mwezi ule ule, katika salon ya magari ya mji ule ule, kampuni ya Volvo kutoka Uswidi ilionyesha gari ndogo ya milango miwili, ya chini-chini, pua ndefu, na nyuma yake vipezi viwili kama vya samaki. Jina lake P1800.

Ndugu na dada zangu, leo naomba niongee juu ya hii ya pili. Najua wengine watasema: na shida zote tuko nazo, wewe unatuletea hadithi ya gari ya spoti? Mnivumilie kidogo. Ile gari iko na historia inayotuhusu kuliko inavyoonekana, na inajibu swali moja ambalo watu huulizana sana: juu ya nini mtu mwenye akili zake timamu anashikilia gari ya zamani, isiyobeba mzigo, isiyobeba familia, wakati angeweza kuiuza na kununua mpya?

Tuanze na aliyeichora. Volvo ya miaka ya 1950 ilijulikana kwa magari magumu ya familia, yenye kudumu lakini yasiyomgeuza mtu shingo. Mkubwa wa kampuni, Gunnar Engellau, alitaka gari moja nzuri ya kuvuta watu hadi kwenye kioo cha duka. Na kwa mawazo yake, uzuri wa gari ulitoka Italia. Kazi ikasimamiwa na mshauri wa Volvo, Helmer Petterson. Huyu alikuwa na kijana wake, Pelle, aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo kwenye Pratt Institute, New York. Baba akamuweka kazini Torino, kwa mchoraji wa magari Pietro Frua. Michoro ilipoletwa mbele ya wakubwa, mchoro wa Pelle uliwekwa katikati ya michoro ya Waitalia, na wakubwa wakauchagua ule ule, bila kujua ni wa nani. Engellau alipokuja kujua kwamba kazi ni ya kijana wa Kiswidi mwenye diploma mpya, mtoto wa mshauri wake mwenyewe, hakufurahi hata kidogo. Kwa muda mrefu gari ikahesabiwa kuwa kazi ya Waitalia. Ilipita karibu nusu karne mbele ya Volvo kutamka wazi jina la Pelle Petterson. Mwenyewe hakukaa kulia: 1964 alipata medali ya shaba ya Olimpiki ya Tokyo katika mashua za tanga, na 1972 akapata ya fedha.

Basi gari ikaanza kuuzwa 1961. Mwanzoni bodi zilitengenezwa Scotland, na kampuni Jensen ya Uingereza ikaziunganisha. Malalamiko juu ya ubora yakawa mengi, hata 1963 kazi ya kuunganisha ikarudishwa Göteborg, Uswidi, na gari ikaitwa 1800S. Wakati huo ilikuwa imekwisha kupata bahati yake. Televisheni ya Uingereza ilikuwa inaandaa mfululizo wa The Saint, wa Roger Moore. Waliomba Jaguar, Jaguar ikakataa. Volvo ikakubali. Tangu 1962, kila wiki watu walimuona yule bwana mtanashati anashuka katika Volvo nyeupe. Tamaa ya wengi ilianzia hapo: walipenda gari, na walipenda vile wataonekana wakiwa ndani yake.

Lakini ukifungua boneti, unakuta kitu kingine. Moteri ni ya silinda nne, litre 1.8, nguvu ya farasi kama 100 mwanzoni. Ni jamaa ya moteri iliyokuwa ndani ya Volvo za kawaida za familia. Kwa hiyo gari ile haikuwa na mbio za kutisha. Magari mengi ya wakati wake yaliipita. Nje ni sinema, ndani ni gari ya baba wa watoto.

Sasa, raha yake iko wapi? Iko katika namna inavyomshirikisha shofere. Usukani hauna msaada wowote wa mashine, kwa hiyo kila jiwe la barabara linafika mikononi. Umekaa chini, miguu umeinyoosha, pua ndefu ya gari iko mbele yako. Kilometa 80 kwa saa unazisikia kama 120. Asubuhi ya baridi unavuta kichoki ili moteri ipate esanse ya kutosha, kisha unairudisha taratibu ukisikiliza sauti. Kuna kabureta mbili, na fundi mzoefu anajua kwa sikio tu kama hazikubaliani. Hakuna kompyuta. Kitu kikiharibika, unaweza kukiona, kukishika, kukifungua. Gari ya leo inakufichia barabara na inajificha yenyewe. Inakuwashia taa nyekundu na kukutuma kwa mtu mwenye mashine. Ile ya zamani inaongea nawe moja kwa moja, na ukikaa nayo sana unaanza kuijua lugha yake.

Mtu aliyeijua lugha hiyo kuliko wote aliitwa Irv Gordon, mwalimu wa sayansi huko Long Island, jimbo la New York. Sikieni tarehe: alinunua 1800S yake, rangi nyekundu, tarehe 30 juni 1966. Siku ile ile kwetu tulikuwa tunasherehekea miaka sita ya uhuru. Aliilipa dola 4,150, karibu mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu. Wanaosimulia habari zake wanasema hakuweza kutulia: aliondoka dukani akaendesha, akaendesha, na baada ya siku chache tu akarudi kufanya matengenezo ya kwanza, kumbe amekwisha kumaliza maili 1,500. Hizo ni kama kilometa 2,400.

Kwenda kazini na kurudi ilikuwa kilometa 200 hivi kila siku. Alizifanya kwa gari ile ile, mwaka baada ya mwaka. 1987 akafikisha maili milioni moja. 1998 Guinness ikamwandika kuwa mtu aliyeendesha gari moja kilometa nyingi kuliko mwingine yeyote. 2002 zikafika milioni mbili. Septemba 2013, huko Alaska, zikafika milioni tatu, yaani kilometa milioni 4.8. Kuizunguka dunia ni kilometa 40,000. Pigeni hesabu, ni mizunguko 120. Na moteri? Mara ya kwanza ilifunguliwa na kufanywa upya ilipofika maili 680,000. Siri yake haikuwa kubwa: kubadilisha mafuta kwa wakati, kufuata kitabu cha gari, kutumia piesi za kweli, na kusikiliza sauti mpya mbele haijawa shida.

Alipofikisha milioni ya kwanza, Volvo walimzawadia gari mpya. Alipofikisha ya pili, wakampa nyingine. Yule bwana alipokea, akashukuru, na akaendelea kuendesha ile nyekundu. Kama kitu alichopenda kilikuwa gari nzuri tu, zawadi zile zingetosha. Kama ni usafiri tu, pia zingetosha. Alichokuwa nacho hakiuzwi dukani: miaka yake mwenyewe. Kiti kile kilikuwa kimembeba kijana, kikambeba mtu mzima, kikambeba mzee wa pensheni. Alifariki novemba 2018, akiwa safarini China. Miaka 52, gari moja.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame sisi Wakongomani. Tuwaze mwalimu mwingine, wa umri ule ule, wa Lubumbashi, aliyenunua gari ile ile siku ile ile. Kwanza, mji wake ndio kwanza unaanza kuitwa Lubumbashi, kwani 1966 ndio mwaka Élisabethville ilipoteza jina lake la zamani. 1967 franga anazolipwa zinaondolewa, inaingia pesa ya zaïre. 1971 nchi yenyewe inageuka Zaïre. 1972 mwalimu wetu anaacha jina la ubatizo, anatafuta jina la asili. Novemba 1973 inakuja zaïrianisation: biashara za wageni zinagawiwa wananchi, na nyingi zinakufa mikononi mwao. Piesi za gari yake atazitoa wapi? 1991 na 1993 wanajeshi wanapora miji. Miaka ile ile mshahara wake unakauka mpaka wazazi wa wanafunzi wanaanza kumlipa prime. 1993 inakuja nouveau zaïre, 1997 nchi inarudia jina la Kongo, 1998 franga inarudi. Na barabara, hata tusiiongelee.

Mwalimu huyu angeweza kuipenda gari yake kumpita Gordon. Angeisafisha kila siku ya Mungu. Mwisho wake pengine ingesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mapenzi yake hayakuwa madogo. Ila kudumu kwa kitu kimoja kunahitaji mambo ambayo mtu peke yake hawezi kujitengenezea: mshahara unaofika kila mwisho wa mwezi, duka la piesi ambalo halifungwi, pesa ambayo kesho haitakuwa karatasi, barabara yenye lami. Tunapomsifu Gordon kwa uaminifu wake, na anastahili, tukumbuke kwamba chini ya magurudumu yake kulikuwa nchi nzima iliyotulia ikimbeba.

Mtu asiseme kwamba mapenzi ya namna hii si yetu. Mtazame kijana wa chukudu, Goma au Butembo. Ile mbao anaijua msumari kwa msumari. Anajua gurudumu linapolia linataka nini, anajua mteremko gani unahitaji kuvunja mbio mapema, anabadilisha kipande cha mpira kabla hakijamwangusha. Goma kumejengwa mpaka sanamu yake, na rond-point inaitwa kwa jina lake. Chukudu haina boneti wala Roger Moore, lakini uhusiano ni ule ule: chombo na mtu wamezoeana mpaka huwezi kusema nani anamwendesha nani.

Sisi tunaotoka universite tunalijua vizuri swali tunalokutana nalo kwenye kila harusi na kila matanga: "Ulisoma yote ile, sasa gari iko wapi?" Gari ya swali hili ni ya kuonekana, ni gari ya The Saint. Mimi sioni haya kusema kwamba naielewa tamaa hiyo. Uzuri una kazi yake; bila ile michoro ya Pelle, pengine Gordon angepita mbele ya duka bila kugeuza kichwa. Ila uzuri ulimfikisha mlangoni tu. Kilichomweka ndani miaka 52 ni vile alivyoiangalia gari yake, asubuhi moja baada ya nyingine, katika nchi iliyomruhusu kufanya hivyo.

Kwa hiyo, siku utakapoweza kununua, nunua unayoipenda, hata kama ni kuukuu. Jifunze sauti yake. Na kwa wale tulio katika mambo ya historia naongeza kazi ndogo: katika mitaa yetu bado kuna wazee wenye pikipiki, mashine ya kushonea au gari ya miaka ya 1960 na 1970 waliyoipitisha katika majina yote ya nchi na pesa zote nilizozitaja. Waulizeni walipataje piesi, nani aliwafundisha kutengeneza, mwaka gani chombo kilisimama na kwa sababu gani. Mkiandika majibu yao, mtakuwa mmeandika historia ya Kongo kutoka mahali ambapo vitabu vyetu havijaingia bado: chini ya boneti.